Nafasi Moja Kwenye Sinia la Jumbe

Hapo zamani, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, palikuwa na mji wa wafinyanzi ukiitwa Vumbini. Vyungu vyake vilianza kupasuka motoni. Wanunuzi wakahamia mji wa Ng'ambo, soko la Vumbini likabaki na mbuzi.

Jumbe akatangaza: "Atakayelirudisha soko, nitampa nafasi kwenye sinia langu. Hatakula peke yake mpaka afe." Sinia la watu sita, watano walishaketi.

Mnacheka? Zawadi gani hiyo, wali? Basi hamjawahi kula peke yenu.

Bi Kazija, mjane, alikula peke yake. Vumbini mfinyanzi akikanda udongo hufunga mlango, siri ya nyumba isitoke. Naye alifunga. Akajaribu, kikapasuka, akajaribu, kikapasuka, miaka tisa. Mwisho akatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachanganya na udongo mbichi. Chungu kikahimili moto. Hakuwa na wa kumwonyesha, akakiweka uvunguni.

Mwalimu Shekue, msomi, alizunguka miji saba akichunguza kwa nini soko hili hushamiri na lile hufa. Akauliza, akaandika, akauliza, akaandika. Akarudi na jibu: "Udongo wa Ng'ambo haushindi wetu. Wao hufinyanga milango wazi, mmoja akigundua jambo, wote wanalijua." Kumbe mkewe ameshaolewa kwingine. Jumbe akaupokea utafiti, akashukuru sana, akauweka juu ya kabati. Hakuusoma.

Chande, wa ukoo wa wafinyanzi, alipeleka mtungi kwa Jumbe, akaukuta utafiti ule juu ya kabati unaliwa na mchwa. Akauomba, akausoma wote. Akaenda mlango kwa mlango: "Hodi! Siri ya kwetu ni hii. Nanyi nionyesheni yenu." Wakamtukana. Nduguze wakamwambia, "Umemwaga siri ya marehemu mama! Usikanyage tena hapa." Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bi Kazija. Akafungua, akalia. "Mwanangu, miaka tisa sijapigiwa hodi." Akakitoa chungu, akamwonyesha alivyochanganya vigae na udongo.

Chande akaufundisha mji mzima, na soko likarudi. Sinia likaletwa, watatu wakaja.

Bi Kazija akasema, "Bila chungu changu mngeuza nini? Karatasi?"

Mwalimu akasema, "Bila karatasi yangu, nani angekugongea? Nimepoteza nyumba kwa karatasi hiyo!"

Chande akasema, "Karatasi kwa mchwa, chungu uvunguni. Nimevikutanisha mimi, na sasa sina ndugu."

Wali unapoa. Watatu wamesimama mlangoni, wote wameshanawa mikono.

Na wewe unayetaka kusema wakale pamoja watatu, acha. Wameshatoleana maneno, hawatazamani.

Haya, nyie mliokaa bega kwa bega hapa: nani aketi? Na wale wawili watakaorudi nyumbani na mikono yao safi, mtawaambia nini?