Mkeka Uliosukwa Mguu Ukiwa Juu ya Mto

Hapo zamani, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao, palikuwa na mjane akiitwa Mize, msusi wa mikeka. Hana mume, hana mtoto, hana hata kuku wa kumfukuza uani.

Siku moja akakanyaga kumbi la nazi, akaanguka, kifundo cha mguu kikateguka. Loo! Siku tatu nyumba ilijaa watu. Uji huu, pole hii. Kisha maumivu yakapoa, uvimbe ukabaki, na uvimbe usiolia nani ataujia? "Mize anajidekeza tu," wakasema. Hawakuja tena.

Akabaki Riziki, jirani yake. Kila asubuhi alileta maji ya moto ya chumvi, akauchua mguu kwa nguvu zake zote. Miezi miwili hakukosa. Na kila alipouchua, ulizidi kuvimba.

Akabaki pia Bi Mwashi, kikongwe asiyejua dawa. Kila alasiri aliketi mlangoni, akamchania Mize ukindu wa kusukia, wakapiga soga. Mize akitaka kuinuka, humshika kanga: "Kaa, mwanangu, haraka ya nini?" Maana naye kwake hakuwa na mtu.

Ndipo akapita Hadia, mkunga wa mji wa pili. "Ah, Riziki, unamuumiza mwenzio! Acha kuuchua. Mize, ukikaa weka mguu juu ya mto, na kila siku tembea kidogo kidogo." Akaenda zake, wala hakurudi kumjulia hali.

Mize akafuata neno lake. Mwezi haukuisha, uvimbe ukanywea, na mkeka aliokuwa akiusuka ukakamilika.

Sasa sikieni desturi yao. Mkeka uliosukwa ugonjwani hauuzwi. Hupewa mmoja tu kati ya waliokuuguza, naye huwa ndugu yako: mtakula sahani moja, na siku ukifa yeye ndiye atakayekuosha. Walioukosa hawagombi, lakini mlangoni kwako hawapiti tena.

Wakaja watatu.

"Mikono yangu imebabuka kwa maji ya moto," alisema Riziki. "Nilikosea, lakini nilikuja."

"Kuja kwako kulimlaza miezi miwili," alisema Hadia. "Mimi ndiye niliyemwinua."

Bi Mwashi akasema polepole, "Nyinyi mliuguza mguu. Mimi nilimuuguza Mize."

Mize machozi yakamlenga. "Nipeni siku saba," akasema. Wakaenda kusubiri makwao.

Siku ya sita Mize alikuwa peke yake, mguu mzima, mkeka mapajani. Asubuhi maji ya moto hayakuja. Alasiri mlangoni hapakuwa na mtu. Akakiminya kifundo chake, akatamani uvimbe ungebaki japo kidogo.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, kesho yake ilikuwa ya saba. Je, mkeka ulikuwa wa nani?