Gunzi la Malkia Siwatu

Kabla sijasema paukwa, wajukuu zangu, nina neno. Juzi niliwadanganya. Katika hadithi tulifika pale Chungu Mzee anapotoa utabiri, mkaniuliza, "Bibi, ikawaje?" Nami nikasema, "Malkia Siwatu akamezwa na Giza, lile zimwi la pangoni, akafa, basi, kalaleni." Haikuwa hivyo. Miguu ilikuwa inaniuma, nikaona bora niikate hadithi. Tunu akalia mpaka usingizi ukampitia. Nimetubu kwa Mola katika swala zangu zote tangu juzi, lakini aliyelia si Mola, ni Tunu. Basi leo, makande haya yakiwa yanachemka, nitaisema yote, mpaka mwisho wake wa haki.

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama mnaumwa? Paukwa ile ya juzi ilikuwa mbovu, hii ni mpya. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, vyungu vilipokuwa na midomo ya kusemea, nchi ya Kwamtundi ilitawaliwa na malkia watatu, ndugu tumbo moja. Mkubwa ni Malkia Mashavu. Huyo akipiga chafya, radi inapiga. Wa kati ni Malkia Pili. Huyo akiita kwa kidole, fisi wanakuja wanatikisa mikia. Wa mwisho ni Malkia Siwatu, binti wa miaka kumi na sita, mwenye pengo la mbele na taji linalomshukia mpaka puani. Nguvu zake...

"Hana!" akasema Kombo.

Hana, mjukuu wangu. Hata kuku hawamwogopi.

Na mnakumbuka desturi ya Kwamtundi. Mahindi mapya hayaliwi na mtu yeyote mpaka malkia mmoja ayalimbue. Awe wa kwanza kuyaonja, kisha kila nyumba iwashe moto. Mwaka ule ghala zilikuwa tupu na mahindi yamekomaa shambani. Malkia wakaenda kwa Chungu Mzee kuuliza baraka. Chungu Mzee alikuwa na ufa mdomoni, akisema neno anapumzika, akisema neno anapumzika. Akasema, "Malkia atakayelimbua mwaka huu... Giza atammeza..."

Kusikia hivyo, malkia wote watatu wakatoka mbio. Mashavu alitoka na kiatu kimoja.

Lakini Siwatu alikimbia kuliko wote. Kwa nini? Kwa sababu siku tatu kabla ya hapo, nyuma ya ghala, Siwatu alikuwa amechoma hindi moja bichi. Akalipaka ndimu na pilipili. Akalila peke yake, macho huku na huku, gunzi akalificha chini ya kitanda.

"Kumbe ameshalimbua!" akasema Tunu.

Ameshalimbua, naye anajua. Akisema, watu watakula lakini yeye ataliwa. Asiposema, yeye yu salama na watu watakufa njaa wakiyatazama mahindi yao. Akanyamaza.

Siku ya kwanza, watu wakakusanyika uwanjani. Hindi moja la kuchoma likawekwa juu ya sinia.

Malkia Mashavu akasema, "Mdogo wangu Pili, karibu, anza."

"Hata, dada! Mkubwa hutangulia, mimi nani?"

"Mkubwa hutangulia msibani. Kwenye chakula tunawapa wadogo."

"Tangu lini? Ubwabwa wa harusi ya shangazi si ulianza wewe, ukamaliza wewe?"

"Jino linaniuma!" akasema Mashavu, akishika shavu.

"La upande gani?"

"Pande zote!"

Wakakaribishana hivyo mpaka jua likafika utosini. Hindi likapoa. Mashavu akapiga chafya, radi ikapiga ngoma ya kijiji, ngoma ikapasuka. Watu wakarudi nyumbani na njaa yao.

Siwatu akaingia chumbani kwake. Chini ya kitanda akasikia sauti ndogo, kavu. Gunzi linaimba:

*Siwatu wee Siwatu, meno yako ninayo,*
*Watoto wana njaa, na siri wewe unayo!*

"Nyamaza, takataka wewe!" akasema Siwatu.

"Mimi takataka?" likasema gunzi. "Siku ile ulinilamba mpaka ncha, ukaniita mpenzi."

Siku ya pili, watu wakakusanyika tena. Wengine wamekuja na fimbo, miguu haina nguvu. Malkia Pili akaja anatabasamu, nyuma yake anavutwa mbuzi dume mwenye taji kichwani.

"Enyi watu wa Kwamtundi!" akasema Pili. "Nawaletea malkia wa nne. Yeye ndiye atakayelimbua."

Mbuzi akalitazama hindi. Akamtazama Pili. Akasema, "Bibi mkubwa, salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Kula."

"Nina ndevu. Malkia gani ana ndevu?"

"Bibi yetu mzaa baba alikuwa nazo. Kula!"

"Na hizi pembe?"

"Pembe ni urembo. Kula, mbuzi we!"

"Umeona?" akasema mbuzi. "Umeniita mbuzi mbele ya mashahidi. Mimi si malkia, na utabiri nimeusikia. Nilikuwa nje ya dirisha natafuna mkeka wenu." Akavua taji, akaondoka zake taratibu.

Watu wakacheka. Walicheka kidogo tu, maana kicheko nacho kinataka shibe. Na Siwatu akarudi chumbani. Gunzi likaimba, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka barazani:

*Siwatu wee Siwatu, meno yako ninayo,*
*Watoto wana njaa...*

"Na siri wewe unayo!" wakaitikia Tunu na Kombo.

Ahsanteni. Siwatu akaliziba kwa mto. Likaimba ndani ya mto.

Siku ya tatu, Siwatu akatoka mapema. Njiani akamkuta mtoto mdogo, kama Tunu hivi, ameingiza kichwa kwenye kinu kitupu, analamba.

"Unalamba nini, mdogo wangu?"

"Nalamba mwaka jana," akasema mtoto.

Siwatu akasimama pale. Taji likamshukia puani, hakulipandisha. Akarudi chumbani, akalivuta gunzi chini ya kitanda. "Haya," akaliambia, "twende. Wala usiimbe, nitasema mwenyewe."

Akafika uwanjani. Akalinyanyua gunzi juu.

"Watu wa Kwamtundi, msigombane tena. Nimeshalimbua. Nililila hindi nyuma ya ghala, kabla ya utabiri. Tazameni, huu hapa mstari wa punje nilioruka. Ni pengo langu. Nimewanyamazia siku zote hizi kwa kuogopa kufa. Nendeni mkawashe moto."

Kisha Malkia Mashavu akafoka, "Siwatu! Ulikula bila kutuita?"

"Ndiyo, dada."

"Na ndimu?"

"Na pilipili."

"Astaghfirullah!" akasema Mashavu, mate yanamtoka.

Pale pale jua likafunikwa. Kutoka pangoni akaja Giza. Mkubwa kama mlima, mweusi kama sufuria la msibani, mdomo kama mlango wa ghala. Fisi wa Pili wakajificha nyuma ya Pili, Pili akajificha nyuma ya Mashavu.

"Yuko wapi aliyelimbua?" akanguruma Giza.

"Mimi," akasema Siwatu.

Giza akammeza. Gubu! Na taji lake.

"Bibi!" akalia Tunu.

Tulia, mama. Sikati leo.

Mle tumboni Siwatu hakuona hata mkono wake. Akasikia Giza anampapasa. "Umeficha nini? Mimi chakula changu ni vilivyofichwa. Toa!"

"Sina kitu. Gunzi nimeshalionyesha."

"Haiwezekani. Kila mtu ana kona yake."

Siwatu akafikiri. "Labda sukari. Nilikuwa naidokoa ya dada Mashavu."

Giza akashtuka. "Usiseme! Ukisema haina ladha!"

"Na kanga ya dada Pili, nilipengea kamasi, nikasingizia fisi."

"Nyamaza, tumbo linaniuma!"

"Na swala ya alfajiri, zile siku za baridi..."

"Huyu binti hana kona hata moja!" akalia Giza. "Nimemeza mchana!" Akakohoa, akajikamua, buaaa! Siwatu akaanguka uwanjani, ameloa, taji limemkaa sawa kichwani kwa mara ya kwanza.

Hapo ikasikika sauti ya Chungu Mzee kutoka nyumba ya utabiri, na ufa wake: "...naye atamtapika... kabla ya uji kupoa... kwa sababu amesema kweli. Sasa nimemaliza! Mlikimbia wapi, enyi watu msio na adabu?"

Giza akajifuta mdomo, akawageukia wale wawili. "Na ninyi mabibi? Mmeficha nini?"

"Jino haliumi!" akapiga kelele Mashavu. "Halijawahi kuuma!"

"Bibi yetu hakuwa na ndevu!" akasema Pili.

Giza akashika tumbo, akakimbilia pangoni, na njaa yake mpaka leo. Na Kwamtundi nzima moshi ukapanda. Yule mtoto wa kinu alikula mahindi manne, akalala palepale na gunzi mkononi.

Basi, wajukuu, mafunzo ni haya: kosa ukilificha linapata sauti, nalo huimba vibaya. Liseme mapema, lingali dogo. Na mtu akisema, mngojeni amalize.

Hadithi yangu imeishia hapo, na leo imeishia kweli, na mkia wake wote. Kombo, epua makande. Nawe Tunu, njoo hapa karibu. Bibi yako alikudanganya, ukalala unalia. Naomba unisamehe.