Namkunda na Moto wa Vyungu

"Ya moyoni huulizwa mdomoni." Vijana walikuwa wameisikia methali hiyo kwenye kikao cha harusi, wakamuuliza Bibi Naetwe ilitoka wapi. "Msiicheke," akawaambia. "Kuna binti nusura aolewe asipotaka kwa kukosa kuulizwa. Ilikuwa hivi."

Namkunda alikuwa mfinyanzi kama mama yake. Wafinyanzi wa kijiji chao walikuwa na mwiko: vyungu vikishaingia motoni, hakuna kufungua mdomo mpaka moto uzimike. Ukisema neno, vinapasuka. Hata nyoka akipita, unamwonyesha mwenzio kwa kidole.

Siku moja amekaa na vyungu kumi na viwili motoni, kazi ya mwezi mzima, shangazi yake Nakijwa akafika anahema. "Mwanangu, Mzee Senkondo wa ng'ambo ya mto amekuposa kwa ajili ya mwanawe. Unamtaka?"

Namkunda alinyoosha kidole kwenye moto, akainama. Moshi ukamwingia machoni, machozi yakamtoka.

"Ehee!" Shangazi akapiga kigelegele. "Haya imemwinamisha, furaha imemliza!" Akaondoka mbio kupeleka habari.

Jioni Namkunda alipofika nyumbani, jibu lilishavuka mto. "Baba, mimi..." "Najua, mwanangu, unaona haya," baba yake akamkatiza. Alipokataa kula, wakasema anamwaza bwana. Alipolia, wakasema ameanza kuwalilia wazazi. Alipopiga teke ndoo, mama yake akatabasamu: "Sote tulikuwa hivyo."

Siku ya mahari, wageni wameketi uani, mbuzi wamefungwa, Namkunda akatoka ndani bila kuitwa.

"Shikamooni wazee. Nani kati yenu alinisikia nikisema ndiyo?"

"Si uliinama, mwanangu?" Shangazi akadakia.

"Nilikuwa nachoma vyungu, shangazi! Wewe binti wa mfinyanzi, mwiko huujui? Siku ile hata ungeniuliza kama nataka kuzikwa, ningeinama vilevile."

"Na machozi je?"

"Moshi!"

Mgeni mmoja akacheka, akajitia kukohoa. Baba yake uso ulimshuka. "Mbona baadaye hukusema?"

"Nilisema, baba. Kila nikifungua mdomo mnanijibu ya vichwani mwenu. Haya yangu mnaijua, furaha yangu mnaijua, shibe yangu mnaijua. Kuniuliza tu ndiko hamkujui!"

Mzee Senkondo akainuka na fimbo yake, akamsogelea. "Mwanangu, nakuuliza mimi, na moto haupo. Unamtaka kijana wangu?"

"Hapana, baba. Simjui."

Mzee akamgeukia baba mtu. "Mbuzi wangu wanarudi. Kwa binti sina kinyongo. Kinyongo ninacho na sisi wenye mvi. Tumevuka mto na kupanda mlima mzima kufuata jibu ambalo hakuna aliyelisikia! Ya moyoni huulizwa mdomoni."

Asubuhi yake shangazi alimkuta Namkunda akikanda udongo. Alimtazama usoni, akataka kusema jambo, akajizuia. Akaketi.

"Namkunda, umenikasirikia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sana?"

"Sana."

"Haya," akasema Shangazi, akakunja mikono ya gauni, akaanza kukanda naye. Safari hii hakubuni. Ya moyoni huulizwa mdomoni.