Saba Mara Nane Kabla Maji Hayajachemka

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, mmekula au mmelambishwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Sogeeni. Mimi nipisheni nafasi ya watu wawili, maana nimetembea nchi nyingi, na kila nchi niliyopita imeniachia kidogo hapa tumboni.

Hapo zamani za kale, kabla hata babu wa babu yangu hajaota upara huu alionirithisha, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto. Mto wenyewe mpole. Kiangazi, mbuzi aliuvuka bila kulowesha tumbo. Masika? Masika msiniulize sasa. Tutafika.

Kijiji hicho kilikuwa na mwiko. Watu hawahesabiwi. Hesabu mbuzi. Hesabu kuku. Hesabu vichane vya ndizi mpaka uchoke. Lakini watu, mwiko! Wazee walisema ukihesabu watu, kifo nacho kinasikiliza, kinajua pa kupunguza.

Basi hata Mwalimu Tuwa, aliyewafundisha watoto hesabu katika banda la makuti kule ukingoni mwa mto, akitaka kujua kama wanafunzi wake wamekamilika, hakuwahesabu. Aliuliza tu:

"Mpo wote?"

Nao wakaitikia: "Tupo!"

Siku zote hivyo. Mpo wote? Tupo! Na nyinyi niambieni, nani amewahi kumsikia mtu akiitikia "Sipo"?

Shikeni hilo. Litarudi.

Ndani ya banda palikuwa na majamvi saba. Kila jamvi, watoto wanane. Mwalimu akiimbisha, banda zima lilitikisika.

"Saba mara sita!"

"Arobaini na mbili!"

"Saba mara saba!"

"Arobaini na tisa!"

"Saba mara nane!"

"Hamsini na sita!"

Lakini sauti moja, kutoka jamvi la nyuma, ilitoka peke yake kama jogoo aliyepotewa na saa: "Hamsini na nne!"

Huyo ni Shaweji. Leo hamsini na nne. Kesho hamsini na nne. Keshokutwa, hamsini na nne, tena kwa sauti kubwa zaidi. Banda likaangua kicheko. Wakampa jina. Njiani, kisimani, machungani: "Hamsini na Nne, hujambo?" "Hamsini na Nne, mbuzi wako wanaingia shambani!"

Baba yake, Kibwana, alikuwa mvushaji. Masika akiwavusha watu mtoni kwa kamba, kifua kama mlango wa msikiti. Mtu kama huyo kuitwa Baba Hamsini na Nne, ataona raha? Akachukua fimbo. Akamketisha mtoto uani tangu alasiri mpaka kuku wanaingia bandani.

"Saba mara nane!"

"Ha... hamsini..."

"Sema!"

"Hamsini..."

"Sema!"

Fimbo chini, pwa! Na kila fimbo ilipolia, namba iliruka ukuta ikakimbia. Mtoto akawa hali chakula. Akilala anaota saba anakimbizwa na nane.

Sasa Kibwana alikuwa na mama yake, Bi Sikudhani. Bibi mdogo wa umbo, mkavu kama dagaa, ulimi mrefu kuliko yeye. Jioni moja akatoka jikoni taratibu, taratibu, akamnyang'anya mwanawe fimbo, akarudi nayo, akaivunja, akaisukuma kati ya mafiga.

"Mama! Hiyo fimbo yangu!"

"Sasa kuni yangu. Kibwana, mche unaumwagilia au unauzamisha?"

"Mwalimu anamfundisha, mama, na haimwingii!"

"Mwalimu amepanda, baba. Sisi huku nyumbani kazi yetu kupalilia. Na palizi haifanywi siku moja kwa hasira. Utang'oa magugu na mahindi."

Akamshika mjukuu mkono, akaingia naye jikoni. Akateleka chungu cha maji ya ugali. Akafunika. Akatwaa ungo, akamwaga kunde, akazipanga mafungu mafungu.

"Tazama, mume wangu." Bibi na mjukuu, mnajua utani wao. "Usidonoe mojamoja kama kuku. Kamata fungu zima kwa jicho. Umeona?"

"Nimeona, bibi."

Akafunika ungo kwa kanga. Mkono ukapita chini, suu! Akafunua.

"Zimetoka ngapi?"

"Tatu?"

"Unaniuliza mimi? Mwizi huulizwa? Tazama tena."

"Nne!"

"Ehe! Nimepata mume."

Hivyo hivyo, mpaka kifuniko cha chungu kikaanza kucheza. Kacha-kacha-kacha! Pale pale bibi akaondoa ungo, akashika mwiko wa kusongea.

"Bibi, moja tu ya mwisho!"

"Maji yamechemka, mume wangu. Kesho nayo ina maji yake."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wao. Mwalimu akifundisha kujumlisha, jioni kunde zinajumlishwa. Mwalimu akifundisha kugawa, jioni kunde zinagawanywa. Kidogo tu. Kifuniko kikilia, basi, hata kama jibu limeshafika mdomoni. Mimi nimekula ugali katika miji mingi, na naapa sijaona mpishi mkali kama huyo.

Siku moja wakafika pale pale. Saba mara nane. Mtoto akausukuma ungo.

"Imenikimbia, bibi."

"Imekufungia mlango wa mbele?"

"Ndiyo."

"Basi zunguka uani. Nyumba gani haina mlango wa uani? Saba mara nne unaijua?"

"Ishirini na nane."

"Na nane ni nne ngapi?"

Mtoto akatazama mafungu. "Nne mbili."

"Basi chukua ishirini na nane mara mbili, uingie ndani, umsalimie mwenye nyumba."

Akaingia. Akamkuta. Lakini bandani, siku ya pili, wenzake walipoimba, Shaweji alinyamaza. Jina lilikuwa limeshamkaa mwilini. Alijua kwa bibi. Kwa watu hakuthubutu.

Mko nami?

Ehe!

Sasa masika.

Ilikuwa siku ya miwa. Shamba la mwalimu lilikuwa limekomaa, na mwalimu akakata vipande, vinane kwa kila jamvi. Majamvi saba. Hakikubaki kipande, haukubaki mkono mtupu. Watoto wakakaa kutafuna, shwa-shwa-shwa. Juu jua linawaka. Hakuna hata wingu.

Lakini milimani, kule mto unakozaliwa, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Na mto haupigi hodi.

Vuuuuu...

Mwalimu akainua kichwa.

Vuuuuuuu!

"Mlimani! Acheni kila kitu! Mlimani!"

Watoto wakatoka mbio. Kati ya banda na mlima pana korongo. Wa kwanza wakavuka, maji kifundoni. Wa kati wakavuka, maji gotini. Wa mwisho wakabebwa na mwalimu, maji kiunoni, rangi ya chai, yana magogo, yana vichaka vizima vinavyoelea. Wanakijiji nao wakaja wakipanda, huyu na godoro, huyu na jogoo, Bi Sikudhani na chungu chake kichwani. Kibwana na kamba yake begani.

Juu mlimani mwalimu akageuka, pumzi haimtoshi.

"Mpo wote?"

"Tupo!"

"Alhamdulillahi," watu wakasema. Wakakaa chini.

Shaweji hakukaa. Alitazama vichwa vya wenzake, vimejibana, vimelowa. Na jicho lake, bila kuombwa, likafanya lilivyozoea kila jioni. Likakamata mafungu. Watano kwenye jiwe. Watano nyuma yao. Watano wamejifunika jamvi. Watano, watano... Mafungu kumi ya watano. Na wanne pembeni, yeye mwenyewe akiwamo.

Hamsini na nne.

Moyo ukamlipuka, pu! Namba yake ile ile.

Sikilizeni, jamani. Kama saba mara nane ni hamsini na nne, kama alivyopiga kelele siku zote, basi watoto wote wapo, kila mtu atulie. Na kama si hamsini na nne?

Akaikimbilia saba mara nane. Mlango wa mbele, kwaa! Umefungwa. Akiangalia, anaona fimbo. Akisikiliza, anasikia kicheko. Chini maji yanapanda. Vuuuu!

Akazunguka uani. Saba mara nne, ishirini na nane. Ishirini na nane, na ishirini na nane...

"Baba."

"Nini?"

"Wawili hawapo."

"Nani kasema?"

"Nimehesabu."

"Umetuhesabu?" Mama mmoja akajishika kichwa. "Umehesabu watu? Leo? Maji haya hapa unayaona?"

"Hamsini na Nne huyo!" mtoto mmoja akadakia. Na wapo waliocheka, naam, hata pale.

Mwalimu Tuwa akasimama. "Shaweji. Saba mara nane ni ngapi?"

Shaweji akajibu mbele ya watu wote:

"Hamsini na sita. Na hapa tupo hamsini na nne."

Uso wa mwalimu ukageuka majivu. "Hamsini na sita," akasema polepole. "Na miwa haikubaki hata kipande."

"Tuwapange kwanza, tuhakikishe," mzee mmoja akasema. "Mtoto huyu huyu ndiye..."

"Mpaka mmalize kupanga," Kibwana akamkata, "korongo litakuwa bahari." Akamwinamia mwanawe. "Mwanangu, nikiingia pale pengine sitoki. Nimevusha watu tangu sijaota ndevu, na maji kama haya sijayaona. Umewahesabu vizuri?"

Shaweji akamtazama bibi yake. Bi Sikudhani alishika chungu chake.

"Kama kunde, baba."

Kibwana akajifunga kamba kiunoni, ncha akamtupia mwalimu. "Nyinyi tafuteni majina. Mimi nakwenda."

Akaingia. Maji gotini. Maji kiunoni. Maji kifuani. Huku nyuma watu wanaita majina ovyo, wanajibiwa ovyo, mpaka sauti moja ya mwanamke ikapasua yote:

"Kulwa! Doto!"

Hakuna jibu.

"Kulwaaa! Dotooo!"

Pacha wadogo wa jamvi la mlangoni. Angekosekana mmoja, mwenzake angelia. Wamekosekana wote wawili, nani alie? Walirudi kuchukua miwa yao.

Na hapo watu wakaviona. Chini ya paa la banda, juu ya boriti, vichwa viwili vidogo. Banda limezungukwa na maji, limeinama. Makuti yakaanza kutikisika.

Kacha-kacha-kacha!

Shaweji akaijua sauti hiyo. Maji yamechemka.

"Baba, haraka!"

Gogo likaja, Kibwana akazama. Kamba ikalegea. Mwalimu akavuta, kamba ikaja nyepesi. Bi Sikudhani akaweka chungu chini, akashika mkono wa mjukuu, akaubana mpaka ukauma.

Kacha-kacha-kacha-kacha!

"Vuteni!"

Ilikuwa sauti ya Kibwana, kutoka bandani, pacha wote wawili amewashika. Wanaume wakavuta. Haya! Wanawake wakashika. Haya! Watoto wakashika viuno vya mama zao. Haya! Nyuma yao banda likapiga kelele moja, kraaa, likaanguka, pwaaa! Makuti yakaenda zake.

Na kwenye tope la mlima akatambaa Kibwana. Doto shingoni. Kulwa kwapani, kipande cha muwa mkononi, hajakiachia.

Mwalimu alibaki na kamba mikononi, viganja vimechubuka. Kisha, kwa mazoea tu, akauliza:

"Mpo wote?"

Hakuna aliyeitikia. Hata mmoja. Wote waligeuka, wakubwa kwa wadogo, wakamtazama Shaweji.

Jicho likapita. Fungu, fungu, fungu.

"Hamsini na sita."

Hapo ndipo vigelegele vilipopanda, mpaka yule jogoo aliyepandishwa mlimani akawika.

Yule mama wa mwiko akamsogelea Bi Sikudhani. "Lakini bibi, mwiko wetu..."

"Mwanangu, hata mimi niliuogopa. Sasa nimeona. Kifo hakimtafuti aliyehesabiwa. Kinamtafuta yule ambaye hakuna aliyejua kwamba hayupo."

Jioni, maji yalipopungua na watu kushuka majumbani, Bi Sikudhani akateleka chungu mafigani kama kawaida. Akamwaga kunde. Mara mlango ukaziba. Kibwana huyo, kajifunga kitambaa begani, anajikunakuna.

"Mama. Kuna nafasi?"

"Kaa. Fimbo unayo?"

"Sina."

"Basi wewe nikuanzie mbali. Tisa mara sita?"

Kibwana akatazama moto. Akatazama paa. Jasho likamtoka kuliko mtoni.

"Hamsini na... sita?"

Shaweji akacheka mpaka akaegemea mtungi.

"Hapana, baba. Hiyo ndiyo hamsini na nne!"

Kumbe ile namba haikuwa mbovu. Ilikuwa imepotea njia tu, inatafuta kwao.

Tangu siku hiyo, kijiji kizima, jioni ikifika, utasikia vyungu vinatelekwa na sauti majikoni zinauliza: zimetoka ngapi? Kifuniko kikilia, kimya, watu wanakula. Bi Sikudhani alikwenda zake kwa Mola, ameshiba umri. Ungo wake wanautunza hadi leo.

Basi mwenye mtoto asikie. Mwalimu hupanda, nyumbani hupaliliwa. Kidogo kidogo, kila siku, bila fimbo. Bandu bandu huisha gogo.

Hadithi yangu inaishia hapo, kifuniko changu nacho kinacheza. Kacha-kacha! Nani anasonga ugali? Na mnihesabie sahani mbili.