Fungate ya Simbamarara

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kuoana kwa ngoma, wenyeji wa Bonde la Mapumba walikuwa na kinu cha maji. Kinu cha wote! Tembo alibeba mawe ya kusagia, Nyati akachimba mfereji, Ngedere wakaezeka paa. Aliyekipaka mafuta kila asubuhi ni Pimbi, kale kanyama ka miambani, kadogo, hata mkia hakana. Msicheke nyie, akili hazikai mkiani.

Pimbi alikipenda kinu kile kuliko chakula. Lakini meneja alikuwa Fisi. Mlitegemea nini? Mkanda wa kuzungushia mawe ulikuwa wa ngozi, akautafuna. Mlango ulikuwa wa mninga, akaupeleka kwake. Paa likaoza, kinu kikanyamaza. Akina mama wakarudi kutwanga, pu! pu! pu! mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ndipo akaja Simbamarara kutoka ng'ambo, tumbo mbele, masharubu yameng'aa.

"Nipeni kinu hicho," akamwambia Tembo, mkuu wa bonde. "Mimi ni mwekezaji. Mtakula mikate laini mpaka mchoke."

"Nawe utatoa nini?"

"Nitoe tena? Kimekufa hicho! Mimi nawasaidia tu."

Tembo alikuwa amechoka na malalamiko ya watu. "Haya, keshokutwa tutakukabidhi," akasema, akaenda zake.

Kumbe Pimbi yuko chini ya sakafu anasugua kutu! Akawasikia Simbamarara na Fisi waliobaki juu.

"Mawe haya kwetu hayapatikani," Simbamarara alinong'ona. "Nikishakabidhiwa tu, nayang'oa, naondoka nayo. Wao wabaki na kuta."

"Na mimi je?"

"Mifupa yako ipo."

"Ikikikiki!" Fisi akacheka.

Pimbi akawaza. Akisema, nani atamwamini? Fisi atakana, Tembo atafoka. Alilia kidogo, siwafichi. Kisha akajifuta kamasi, akatabasamu.

Siku ya makabidhiano, wanyama wote wamejaa barazani, Pimbi akaingia mbio, kajitanda kanga, anaomboleza. "Uwiii! Binti yetu anachukuliwa kama kuku wa sokoni!"

"Binti gani tena?" Tembo akauliza.

"Kinu, Mzee! Nani hapa hakumlea? Si wewe uliyembeba mgongoni? Si Nyati aliyemchimbia maji ya kuoga? Leo anaondoka hata posa haijaletwa. Majirani watatusemaje?"

Nyati akapenga makamasi. "Kweli jamani. Mimi ni mjomba wake kabisa."

"Posa ya kinu? Upuuzi!" Simbamarara akanguruma.

Akina mama wakaguna kwa pamoja. Tembo, ambaye hakuogopa kitu ila kusemwa na majirani, akakohoa. "Mila ni mila, Bwana."

Simbamarara akawaza: chochote nitakacholeta, si nitaondoka nacho? "Haya, semeni mnataka nini."

"Mkaja wa mama ni mkanda mpya, mnene," Pimbi akasema. "Kilemba cha baba ni paa jipya. Na kifungua mlango ni mlango wenyewe, maana ule wa zamani sijui ulikwenda wapi."

Wote wakamtazama Fisi. Fisi akatazama mawingu.

Wiki haikuisha, vitu vyote vikaletwa. Pimbi akafunga mkanda, akafungulia maji, gurudumu likaguna, ngrrr! Kinu kikafufuka! Vigelegele vikapasua bonde.

"Sasa nakabidhiwa," akasema Simbamarara.

"Ah, shemeji! Na fungate je? Bwana harusi hukaa ndani kwa mkewe siku saba, hatoki. Mimi mwenyewe nitakuhudumia. Zikiisha, mpeleke mkeo utakako."

Siku saba za kula na kulala? Simbamarara akalamba midomo, akaingia. Kacha! Komeo likafungwa nyuma yake.

Mahindi yalikuwa yamelala maghalani miezi mingapi? Pimbi akatangaza, bonde zima likapanga foleni dirishani, gunia baada ya gunia. Ngrrr! Ngrrr! Unga ukatimka mpaka darini.

"Chyaaa!" Simbamarara akapiga chafya. "Nyama iko wapi?"

Pimbi akapenyeza bakuli. "Leo ni uji, shemeji."

"Uji?! Mimi?"

"Mke hupika alichonacho."

"Basi mwambie anyamaze nilale!"

"Mwambie mwenyewe. Si mkeo?"

Siku ya nne, milia yake yote imepotea kwenye unga, masikio yameziba, macho yamekuwa mekundu. Akaupiga mlango, gba! gba! "Nifungulieni! Simtaki!"

Pimbi alikuwa ameshamleta Tembo na wazee pale nje. "Sema kwa sauti, shemeji. Mashahidi wapo."

"Simtaki! Nimemwacha! Talaka tatu!"

Mlango ukafunguliwa, akatoka mweupe kama mzuka, chyaa! chyaa! mpaka kilimani. Huko akakumbuka, akageuka. "Na paa langu? Na mkanda wangu?"

Tembo akajibu kwa sauti nzito. "Mume mwenyewe akimwacha mke, mahari hairudi. Kwenu ni vingine?"

Simbamarara akafungua kinywa, ikatoka chafya. Akaenda zake.

Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Tembo hakucheka. Aliyagusa mawe yanayozunguka, akaona haya. "Pimbi, kumbe kinu chetu hakikuwa kimekufa."

"Hakikufa, Mzee," Pimbi akasema. "Kilikuwa kinauawa."

Wote wakageuka kumtafuta Fisi, wakakuta vumbi tu. Tembo akauokota ufunguo wa umeneja pale Fisi alipoudondosha, akamkabidhi Pimbi mbele ya watu.

Nanyi wanangu mkumbuke: kabla hujamwita mgeni aje kukufufulia kinu, mfukuze kwanza anayekitafuna.