Nguzo ya Jicho

Kisa kinabisha hodi! Semeni: kipite. Kipite kikae wapi? Semeni: kikae mioyoni mwetu.

Haya. Basi kale hiyo, wajukuu zangu, kale ambayo babu wa babu yangu aliisikia kwa watu, nao watu wakaisikia kwa wengine, palikuwa na kijiji kikiitwa Mfuruni. Watu wa Mfuruni walikuwa wema sana. Wema wao waliusimulia wenyewe, asubuhi na jioni, ili mgeni asipate taabu ya kuutafuta.

Kijijini hapo aliishi mjane, Bi Sikudhani, na mjukuu wake Kidawa, mtoto wa miaka miwili. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba aliyomwachia ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili tu, lakini kila ufito wa nyumba ile marehemu aliufunga kwa mkono wake. Usiku mjane alikuwa akinyoosha mkono na kugusa ukuta. Mnaelewa? Hamuelewi, na Mungu awacheleweshee kuelewa. Tuendelee.

Siku moja, mchana kweupe, jua la utosini, Bi Sikudhani alikuwa shambani, Kidawa mgongoni. Aliporudi alikuta nyumba imekuwa majivu, na kijiji kizima kimeyazunguka yale majivu, kimefunga mikono kifuani.

"Pole, Bi Sikudhani!"

"Pole mno, dada yangu!"

"Ni mapenzi ya Mungu, mama. Pole!"

Zikaja pole za asubuhi, zikaja pole za mchana, zikaja pole za jioni. Bahati mbaya, watoto wangu, pole haiezekwi. Mjane na mjukuu wake wakalala katika banda la mbuzi la jirani yao, Mzee Kingwande. Mbuzi wale walikuwa wakarimu. Walisogea.

Sasa sikilizeni. Mfuruni palikuwa na desturi. Nyumba ikiungua, mtu aliyeuona moto kwanza ndiye anayekata nguzo ya kwanza ya nyumba mpya. Waliiita nguzo ya jicho. Wazee wao walisema, aliyeonyeshwa kwanza na Mungu ndiye aliyeitwa kwanza kusaidia. Desturi nzuri, sivyo? Lakini nguzo hiyo lazima iwe ya mpingo, na mpingo ulikuwa mwendo wa nusu siku, na mti ule ni mgumu, shoka likiugusa linarudi lilikotoka. Na mpaka nguzo ya jicho isimame, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuleta hata ufito mmoja.

Mkuu wa kijiji, Jumbe Mwinyipembe, akaita baraza.

"Nani aliuona moto kwanza?"

Akaulizwa Mzee Kingwande, ambaye ukuta wake ulikuwa hatua kumi kutoka kwa mjane.

"Mimi? Nilikuwa nimelala fofofo."

"Mbona kanzu yako imeungua pindo, jirani?" akauliza Bi Sikudhani.

"Huwa nalala vibaya."

Akaulizwa Bi Zawena, mtwangaji. "Mimi nilikuwa natwanga, nimeupa moto mgongo."

"Na wewe, Jumbe? Baraza yako inatazama mlango wangu."

Jumbe akashusha pumzi ya uchamungu. "Nilikuwa nimeelekea kibla, mama." Saa hiyo si ya sala yoyote tunayoijua, lakini labda yeye alikuwa na ya kwake. Mungu anisamehe ulimi wangu.

Basi watu mia wakaapa, na kila mmoja alikuwa wa mwisho kuuona. Wa kwanza hakuwapo. Moto mrefu kuliko mti, mchana, katikati ya kijiji, ulionwa na watu mia wa mwisho!

Siku zikapita. Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Kidawa akaanza kukohoa, kifua kinalia kama mlango mbovu. Bi Sikudhani akahesabu siku kwa vidole: mvua ikimkuta mtoto yule bandani, atamfukia kando ya babu yake. Akalia. Akaswali. Alipomaliza kuswali akatafuta fimbo.

Asubuhi Mzee Kingwande alipotoka kwenda kisimani, alimkuta mjane mlangoni.

"Shika fimbo, jirani. Nikuongoze. Mbele kuna kisiki."

"Nakiona, bibi!"

"Usijikaze. Mtu asiyeona nyumba ikiwaka, kisiki atakionea wapi?"

Akamshika mkono mpaka kisimani, watu wanatazama. Kesho yake akaenda kwa Bi Zawena. "Dada, leta mchele nikuchagulie mawe. Macho yako tunayajua." Kesho yake akawa na huyu, kesho kutwa na yule. Watu wakanuna. Lakini wamkataze nini? Walikuwa wameapa wenyewe.

Siku ya sita wakaja wageni kutoka kijiji cha pili, wazee watano na kilemba cha posa, kumposea kijana wao binti wa Jumbe. Bi Sikudhani akawapokea njiani kwa heshima zote.

"Karibuni, wazee wangu. Mkifika barazani semeni majina yenu kwa sauti. Jumbe wetu haoni."

"Haoni?" akashtuka mshenga, mzee mmoja aitwaye Ngwilizi. "Tangu lini?"

"Sijui. Aliapa mbele ya baraza. Na kijiji chote vilevile."

Walipofika, Mzee Ngwilizi hakukaa. "Jumbe, kabla ya mengine. Haya maradhi ya macho, binti anayo?"

Jumbe akaruka. "Maradhi gani? Macho yangu mazima! Tazama kule ng'ambo ya uwanja. Juu ya mti kuna kunguru. Ana unyoya mweupe shingoni!"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sikudhani. "Kunguru umemwona. Nyumba yangu ilikuwa karibu kuliko mti ule. Moto wangu hukuuona?"

Jumbe akatazama wageni. Akatazama kilemba cha posa. Akatazama chini.

"Niliuona."

"Ukiwa umefika wapi?"

Hapo sauti yake ikawa ndogo. "Ulikuwa moshi tu, mama. Kwenye pembe ya paa. Mdogo, kama wa mtu anayevuta kiko."

"Ndoo moja ingetosha?"

"Ingetosha."

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilingoja mwingine apige ukelele kwanza."

Mzee Kingwande akainamisha kichwa. "Na mimi nilingoja." Bi Zawena akajifunika uso kwa kanga. "Na mimi." Wakasema mmoja mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama, kimeitazama nyumba ya mjane ikiungua, kila mtu amebana mdomo asije akawa wa kwanza.

Bi Sikudhani alikuwa na maneno mengi. Akayaacha yote.

"Mpingo uko upande ule, Jumbe," akasema. "Shoka nitaliazima."

Jumbe akaenda, wageni wakimngoja. Akarudi na nguzo na malengelenge viganjani. Ilipokwisha kusimama, fito zikaja, makuti yakaja, udongo ukaja. Siku tatu paa likafungwa, na siku ya tano masika yakaanguka. Kidawa alilala pakavu. Alikua, akazaa, na pengine nyinyi ni wa ukoo wake, Mungu ndiye ajuaye.

Na desturi wakaigeuza: nguzo ya jicho ikawa ya mtu wa mwisho kupiga ukelele. Ajabu! Tangu hapo Mfuruni huwezi kuchoma hindi. Moshi ukitoka kidogo tu, watu ishirini wanakuja mbio na maji, na mahindi yako wanayazima.

Basi, wanangu, ukiona moshi kwa mwenzako, piga kelele. Mungu hakukupa jicho la kungojea jicho la mwingine.

Kisa kimeaga, kimevaa viatu, kimeondoka. Kilichobaki hapa ni mimi na nyinyi, na nyinyi mmechelewa kulala.