Flashi Iliyoonekana Tupu

Wapendwa, mjane mmoja aliletewa begi la mumewe. Mume alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, akafia huko. Ndani ya begi mlikuwa na mashati, viatu, na flashi iliyofungwa kwenye leso. Rafiki wa marehemu aliyeleta begi akamwambia, "Shemeji, humu kuna sauti yake. Kila Jumapili alikuwa anakurekodia maneno." Kompyuta aliyorekodia ilikuwa ya kazini, ilishafutwa ikapewa mtu mwingine. Sauti ilibaki kwenye flashi tu.

Mama akaenda steshenari. Mwenye duka akaichomeka, akatikisa kichwa.

"Mama, tupu hii. Mashine inataka niifute, tuanze upya."

"Si tupu. Mume wangu yumo."

Mtu aliyekuwa akingoja kutoa kopi akacheka. "Basi mwambie atoke, na sisi tuhudumiwe."

Duka la pili, jibu lile lile. La tatu, lile lile. Nyumbani mawifi wakamwambia, "Ni uchungu huo. Utazoea." Wewe ungebishana na maduka matatu? Jioni alikaa redio ikiwa imezimwa, flashi mkononi. Akaanza kudhani labda ni yeye mwenye kasoro.

Akarudi duka la kwanza. Mwenye duka akamwonea huruma. "Ngoja niifute, nikuwekee mapambio, bure. Usirudi nyumbani na kitu bubu."

Mama akasema, "Haya, baba."

Mwenye duka akabonyeza. Siku hiyo flashi ikafunguka. Ikaimba dukani, ikaimba kwenye redio ya jirani. Watu wakasema imepona.

Baadaye yule rafiki, akiwa amerudi kazini kule mbali, akapiga simu. "Shemeji, umemsikia?"

"Walisema ni tupu. Wameifuta."

"Tupu? Kompyuta zetu huku ni za aina nyingine, shemeji. Za huko haziwezi kuisoma. Ungetafuta tu mwenye mashine kama zetu."

Mama akauliza, "Alisema nini humo?"

"Sijui. Yalikuwa yako."

Msiharakishe kumlaumu mwenye duka. Hakuwa mtu mbaya. Maduka yote matatu yalikuwa na mashine za aina moja, kwa hiyo ushahidi wao ulikuwa wa shahidi mmoja. Mashine ilishindwa kusoma, yeye akatangaza kwamba hakuna kitu.

Na sisi je? Analetwa bibi harusi kutoka kabila jingine. Anaomba kwa lugha tusiyoijua, anaimba wimbo ambao hatujawahi kuusikia. Tunasema hajui kitu huyu, tutamfundisha. Siku anapoimba kama sisi tunashangilia: "Amezoea!" Nani kati yetu alimuuliza alikuja na nini?

Wewe uliyekaa peke yako benchi la nyuma, ambaye umeambiwa mara nyingi hadi ukaanza kuamini: kutosomeka si utupu. Aliyekuandika anakusoma. Usiseme "haya" kwa sababu tu umechoka kubishana.

Sisi wengine, tukitoka leo, chai itusubiri. Kila mmoja amwendee mtu mmoja ambaye hajawahi kumwelewa, amwambie, "Hebu niimbie wimbo wa kwenu." Kisha anyamaze, hata kama haelewi neno, mpaka wimbo uishe.